Bao la Dunia: Zamu, Karata na Kiswahili cha Kupangia Mbinu

Ipo dhana iliyokita mizizi miongoni mwetu sisi tujiitao wapenzi wa Kiswahili, nayo ni kwamba lugha hii ina utajiri usiokadirika panapohusu ushairi, methali, taarabu na maamkuzi, ila inapofikia kukokotoa, kupima na kupanga mbinu, basi heri tuiazime lugha ya mgeni mpaka kazi iishe. Dhana hii haitamkwi waziwazi katika kumbi za mihadhara. Angeitamka mtu angezomewa. Hudhihirika kwa matendo. Waketishe wanafunzi wanne wa Kiswahili wa mwaka wa tatu, wanaoweza kukuchambulia utenzi ubeti kwa ubeti, uwape mchezo wa mezani wenye karata na dadu. Watataniana kwa Kiswahili, watatishana kwa Kiswahili, watalaumiana kwa Kiswahili. Lakini mmoja wao akianza kupima la kufanya, utamsikia akisema, "Niki-attack hapa, ata-retaliate pale." Kiswahili kimeachiwa viambishi, mizizi yote imeng'olewa.

Makala haya yanaipinga dhana hiyo. Hata hivyo, kuipinga kwa kauli tupu hakutoshi, maana kauli za kukisifu Kiswahili tumezisikia hadi zimetuchosha. Nitaipinga kwa kucheza. Nitauchukua mchezo mmoja wa kigeni, niufafanue zamu kwa zamu, kisha nimwachie msomaji aamue kama kuna mahali lugha ilipogota. Ningeweza kulichagua bao letu lenye mashimo 32 na kete 64, ambalo msamiati wake umewahi kuwashughulisha hata wataalamu wa mbali kama Alexander de Voogt, aliyeandika kitabu kizima mwaka 1995 kuhusu umahiri wa wachezaji wa bao. Lakini hakuna anayebisha kwamba bao linachezeka kwa Kiswahili. Jaribio la haki ni lile linalofanyiwa ugenini.

Mchezo wenyewe ni Risk. Ulibuniwa na Mfaransa Albert Lamorisse, mwongozaji wa filamu, ukatolewa nchini mwake mwaka 1957 kwa jina lenye maana ya kuiteka dunia. Miaka miwili baadaye kampuni ya Parker Brothers ikautoa Marekani. (Lamorisse huyu ndiye aliyeongoza filamu fupi ya mwaka 1956, Le Ballon rouge, inayosimulia urafiki wa mtoto na puto jekundu katika vichochoro vya Paris. Jinsi akili moja ilivyozaa upole ule na vita hivi ni suala la wanasaikolojia, si langu.) Ubao ni ramani ya dunia iliyokatwa maeneo 42 katika mabara 6. Kila eneo lina karata yake, na juu ya hizo 42 zipo nyingine 2 zenye picha zote. Zamu ya mchezaji ina hatua tatu: kupokea majeshi, kuvamia, na kuhamisha. Anayeiteka dunia nzima ndiye mshindi.

Kabla hatujaendelea, nalihisi swali la msomaji makini. Je, huu si ule ule Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, watu wameketi mezani wakigawana nchi za wengine? Naam, unafanana nao mno. Ubaoni lipo eneo liitwalo Afrika Mashariki, ipo Kongo, ipo Madagaska ambayo wazee wa pwani waliiita Buki, na katika maeneo yote hayo hakuna hata mkazi mmoja. Yapo majeshi tu. Sioni haja ya kulificha hilo, wala sioni kuwa ni sababu ya kuukimbia mchezo. Mtu aliyewahi kuhesabu kwa kidole thamani ya Kongo machoni pa mvamizi huenda akakielewa kitabu cha historia kuliko aliyekariri tarehe zake. Ila ninaomba lile eneo la Afrika Mashariki tulikumbuke, maana tutalirudia.

Mchezo huanza kwa namna ambayo mchezaji wa bao ataitambua mara moja. Katika bao, kila mchezaji huwa na kete 22 mkononi, akaziingiza ubaoni moja moja, zamu baada ya zamu. Hiyo ndiyo namua. Katika Risk wachezaji wanne hupewa majeshi 30 kila mmoja, nao huyaweka moja moja kwa zamu juu ya maeneo matupu mpaka yote 42 yapate wenyewe, kisha huendelea kuyaongezea nguvu hadi mikono iwe mitupu. Je, hatua hii tuiiteje? Ninapendekeza tuiite namua, bila kuomba radhi. Yeyote aliyewahi kucheza bao anajua kwamba mchezo huweza kupotea katika namua kabla haujachangamka, na ndivyo ilivyo hapa. Wachezaji wageni hutawanya majeshi kama mkulima apandaye mbegu. Mahiri hutazama milango.

Milango ndiyo siri ya mabara. Mwenye bara zima hupewa majeshi ya ziada kila mwanzo wa zamu yake, nami nitaiita ziada hiyo posho, kwa kuwa posho ndilo jina la kale la chakula walichogawiwa askari na wapagazi. Posho ya Asia ni majeshi 7, ya Ulaya 5, ya Amerika Kaskazini 5, ya Afrika 3, ya Amerika Kusini 2, na ya Australia 2. Ukizitazama tarakimu hizi peke yake utadhani Asia ni johari. Sasa hesabu maeneo ambayo adui anaweza kuingilia. Asia ina milango 5, Ulaya 4, Afrika 3, Amerika Kaskazini 3, Amerika Kusini 2, na Australia mmoja tu, ule wa Indonesia unaotazamana na Siam. Ndiyo maana kila aliyesoma ukurasa mmoja wa ushauri hukimbilia Australia. Maoni yangu ni kwamba Australia ni nzuri kwa mtu mmoja. Wakiikimbilia wawili, wanawatumikia wale wengine wawili bila ujira, na katika meza ya wachezaji wanne mara nyingi huikimbilia watatu.

Amerika Kaskazini, kwa maoni yangu, ndiyo inayodharauliwa bila sababu: milango 3 kama ya Afrika, lakini posho 5 badala ya 3. Na Afrika? Maeneo 6, milango 3, posho 3. Milango yenyewe ni Afrika Kaskazini, inayotazamana na Brazili na pande mbili za Ulaya. Misri, inayotazamana na Ulaya Kusini na Mashariki ya Kati. Na Afrika Mashariki, ambayo nayo imefunguliwa njia ya kwenda Mashariki ya Kati. Mchoraji wa ramani sijui kama aliwahi kusikia habari za kaskazi na kusi, lakini mstari wake umepita palipopita majahazi.

Sasa tuje kwenye karata, ambazo ndizo roho ya mchezo. Mchezaji akiteka angalau eneo moja katika zamu yake, mwishoni huchukua karata moja. Akiteka manane, karata ni ile ile moja. Asipoteka, hapati kitu. Katika bao zamu inayokula huitwa mtaji na isiyokula huitwa takata, na maneno hayo yanahamia hapa kana kwamba yalikuwa yakingoja. Tofauti ni kwamba sheria ya bao humlazimisha mchezaji kula akiweza, ilhali Risk humwachia hiari. Na penye hiari ndipo penye mbinu. Kanuni yangu ni kwamba usitakate kwa kupenda. Tafuta eneo moja dhaifu, liteke, uchukue karata yako. Eneo hilo la kwanza ni mtaji kwa maana zote mbili za neno hilo, ile ya bao na ile ya sokoni. La pili na la tatu lazima yajieleze yanatafutwa kwa sababu gani.

Karata zina picha za aina tatu: askari wa miguu, farasi na mzinga. Fungu ni karata tatu za picha moja, au karata tatu za picha tatu tofauti. Fungu la kwanza kubadilishwa mezani huleta majeshi 4, la pili 6, kisha 8, 10, 12, halafu 15, na kuanzia hapo huongezeka kwa 5 kila mara, awe nani anayebadilisha. Kwa hiyo kila mmoja hutamani mwenzake atangulie. Lakini hakuna anayeweza kungoja milele: mwenye karata 5 mwanzoni mwa zamu yake hulazimika kubadilisha, na sheria haimwonei, kwa sababu mwenye karata 5 hawezi kukosa fungu. Tulithibitishe hili kwa Kiswahili, maana uthibitisho ndio unaodaiwa kutushinda. Chukua karata 5 zozote. Ama zina picha zote tatu, au hazina. Zikiwa nazo, fungu la mseto limepatikana. Zisipokuwa nazo, basi picha zilizopo ni mbili au moja. Na vitu 5 vikigawanywa katika mafungu mawili, lazima mojawapo lipate 3 au zaidi, ndipo fungu la picha moja linapopatikana. Karata yenye picha zote ikiwamo, mambo huwa mepesi zaidi. Mwenye 4 hana dhamana hiyo, kwani anaweza kushika askari wawili na farasi wawili, akabaki anatazama. Uthibitisho umekwisha, na hatukuazima hata neno.

Dadu nazo zina sifa mbaya wasiyostahili kupewa. "Ni bahati tu," husema aliyeshindwa. Mvamizi hurusha dadu 3 kwa wingi, mlinzi 2. Ya juu hulinganishwa na ya juu, inayofuata na inayofuata, na sare humwendea mlinzi. Dadu 5 zina matokeo 7,776. Katika 2,890 mlinzi hupoteza majeshi 2. Katika 2,275 mvamizi hupoteza 2. Katika 2,611 kila mmoja hupoteza 1. Maana yake ni kwamba kwa kila mirusho 100 ya namna hiyo, mvamizi hutarajia kupoteza takriban majeshi 92 na mlinzi 108. Kuvamia kunalipa. Lakini kunalipa kwa dadu 3 tu, na ili urushe 3 lazima eneo lako liwe na majeshi yasiyopungua 4. Ukibakiwa na 3 unarusha 2, na dhidi ya dadu 2 za mlinzi utapoteza yote mawili mara 581 katika 1,296, na kumwondolea mawili mara 295 tu. Kwa hiyo mlango wa busara huwa kwenye namba 4. Wengi waliolaumu bahati walikuwa wakirusha dadu 2 kwa hasira.

Baada ya vifaa, tuicheze zamu moja kwa ukamilifu. Wachezaji ni wanne, nitawaita kwa rangi zao: Nyekundu, Kijani, Samawati na Manjano. Nyekundu ana Amerika Kusini yote, maeneo 4, na Afrika yote isipokuwa eneo moja. Eneo hilo ni Afrika Mashariki, ambamo Samawati ameweka majeshi 4. Nyekundu basi ana maeneo 9. Samawati ana 15: Australia nzima, Ulaya Kusini yenye majeshi 3, hiyo Afrika Mashariki, na sehemu kubwa ya Asia, huku Mashariki ya Kati akiwa amerundika majeshi 12. Manjano ana 16, mengi yao Ulaya na Amerika Kaskazini. Kijani amebakiwa na maeneo mawili: Amerika ya Kati yenye majeshi 2, na Marekani Magharibi yenye jeshi 1. Lakini Kijani huyu aliye taabani ameshika karata 3. Nyekundu ana 4: askari, mzinga, na farasi wawili. Fungu linalofuata lina thamani ya majeshi 10. Zamu ni ya Nyekundu, na baada yake ni Samawati.

Jeshi la mwanzo wa zamu ni theluthi ya maeneo, bila kupungua 3. Nyekundu anapata 3 kwa maeneo 9, na posho 2 ya Amerika Kusini, jumla 5. Fungu analo mkononi. Je, alibadilishe sasa?

Hapo ndipo wengi huteleza. Mkono huwasha, majeshi 10 yanaonekana, nao huyachukua. Tupime. Nyekundu akibadilisha sasa, atakuwa na majeshi 15 ya kupanga, lakini itambidi ayapange yote kabla dadu ya kwanza haijarushwa, nusu upande wa Venezuela kumkabili Kijani na nusu upande wa Afrika kumkabili Samawati, asijue ni upande upi utakaomgharimu zaidi. Asipobadilisha, ana 5 tu. Aziweke Venezuela, ambako tayari ana 5, zitimie 10. Kumi dhidi ya wawili, kisha dhidi ya mmoja: si hakika, lakini ni karibu ya hakika kadiri dadu zinavyoruhusu. Kijani akitoka mchezoni, karata zake 3 humwendea aliyemtoa. Nyekundu atakuwa na 7. Na sheria husema kwamba anayefikisha karata 6 au zaidi kwa njia hii hulazimika kubadilisha papo hapo, katikati ya zamu, mpaka zibaki 4 au pungufu. Atatoa fungu moja, atapokea majeshi yale yale 10, ila sasa atayaweka akiwa ameshaona vita vya kwanza vimeishaje. Mwisho wa zamu atachukua karata yake ya haki, atakuwa na 5, na zamu ijayo fungu jingine la thamani isiyopungua 12 haliwezi kumkosa.

Msomaji atagundua kwamba kwa njia zote mbili Nyekundu humaliza akiwa na karata 5 na amepokea majeshi 10. Kilichobadilika ni wakati. Angetanguliza karata, angenunua uhakika asiouhitaji kwa kuuza hiari anayoihitaji. Kama Kijani angekuwa na majeshi 9 badala ya 3, hukumu yangu ingekuwa kinyume: badilisha kwanza, kwani kumshambulia mtu ukamwacha nusu hai ni kumwandalia karamu jirani yako, atakayekuja kummaliza na kuzizoa karata.

Tuseme basi dadu zimekwenda kama zinavyokwenda. Kijani ametoka. Nyekundu amepoteza majeshi 2, ameacha 1 Venezuela, ana 4 Amerika ya Kati na 3 Marekani Magharibi. Mkononi ana majeshi 10 mapya. Mbele yake ipo Afrika Mashariki, mlinzi 4, nayo ndiyo pekee iliyosalia kulikamilisha bara. Posho ya Afrika ni 3. Nani asingeitaka?

Mimi nisingeitaka, si katika zamu hii. Bara halilipi siku linapotekwa. Hulipa mwanzoni mwa zamu ijayo, ikiwa litakuwa bado ni zima. Kati ya leo na siku hiyo kuna zamu ya Samawati, mwenye majeshi 12 Mashariki ya Kati, na njia mbili za kuingilia, Misri na Afrika Mashariki yenyewe. Nyekundu angetumia majeshi 3 au 4 kumtoa mlinzi, yangebaki 6 ya kulinda milango mitatu, na Samawati angeuvunja mmoja kabla chai haijapoa. Wala hapana karata ya pili ya kufidia, kwani karata ya zamu hii imekwisha kupatikana kwa Kijani. Isitoshe, kule magharibi Nyekundu amejipatia faida ambayo haionekani kwa haraka: majeshi yake Marekani Magharibi na Amerika ya Kati yanamzuia Manjano kulikamilisha bara la posho 5. Manjano hatafurahi. Nyekundu hana anasa ya kuwachokoza wawili kwa pamoja.

Ningeyaweka yote 10 Afrika Kaskazini, penye 3, yatimie 13, kisha ningekoma. Eneo hilo linapakana na maeneo 6: Brazili, Ulaya Magharibi, Ulaya Kusini, Misri, Kongo na Afrika Mashariki. Jeshi moja kubwa hapo linailinda posho ya Amerika Kusini na wakati huo huo linawatisha wote wawili bila kumgusa yeyote. Kidole kimoja hakivunji chawa, na majeshi 10 yaliyotawanywa kwenye milango mitatu ni vidole vitatu vilivyonyooshwa.

Hapa ndipo ninapotaka walimu wetu wa sarufi wanisikilize. Tazameni zamu hiyo moja imetudai nini kiisimu. Kabla ya dadu tulihitaji -ki-: Nyekundu akibadilisha sasa, atakuwa na majeshi 15. Njia zilipopambanuka tulihitaji -nge-: angetanguliza karata, angeuza hiari. Na zamu ikishapita, wakati majuto na mafunzo yanapochangamana, tunahitaji -ngali-: angaliivamia Afrika Mashariki, asingalibaki na jeshi la kuilinda Brazili. Viambishi hivi vitatu hufundishwa darasani kwa sentensi za mtu ambaye angesoma angefaulu, na mwanafunzi huondoka akiamini kwamba tofauti ya -nge- na -ngali- ni mtego wa mtihani. Katika mazungumzo ya kawaida tofauti hiyo inafifia mbele ya macho yetu. Mezani haifii, kwa sababu mchezaji anayechanganya zamu ambayo bado yawezekana na zamu iliyokwisha kupita hujikuta akijadili mchezo uliokwisha. Sijui zoezi bora zaidi la hali ya masharti kuliko kumtaka mwanafunzi aeleze kwa dakika tano kwa nini hakuvamia.

Wapo watakaosema kwamba msamiati niliotumia ni wa kubandika tu: namua na takata ni za bao, posho ni ya wapagazi, na Risk haikuomba lolote kati ya hayo. Jibu langu ni karata yenyewe. Neno karata ni la Kireno, pamoja na kopa, uru, pau, shupaza na turufu. Wareno wakaondolewa Fort Jesus mwaka 1698, wakarejea kwa muda mfupi mwaka 1728, wakaondoka tena, na karata zikabaki, zikachangwa vibarazani hadi leo mwanasiasa anayejua kujipanga husemwa amezichanga karata zake vyema. Waliofanya kazi hiyo hawakuunda kamati ya istilahi. Walicheza. Neno lililofaa likashika, lisilofaa likaanguka. Sisi tunataka istilahi ziteremke kutoka katika taasisi zikiwa zimekamilika, ndipo tuanze kuzungumza. Na zikiteremka tunazicheka kwamba ni ngeni. Mimi nimelihitaji neno la ziada ya bara, nikaliona posho limekaa bila kazi, nikaliajiri. Mwenye neno bora na alilete, nitaliacha langu bila kinyongo.

Wapo pia, hasa miongoni mwa wahadhiri wetu, wanaoona kwamba chama cha wanafunzi kina mambo ya maana zaidi ya kufanya kuliko kurusha dadu. Kwa heshima zote, hawa nawauliza jambo moja: ni lini mara ya mwisho walipomsikia mwanafunzi wa shahada ya Kiswahili akijenga hoja yenye hatua saba, kila hatua ikitegemea iliyotangulia, bila kukimbilia Kiingereza katika hatua ya nne? Katiba ya 2010 iliifanya lugha hii kuwa rasmi. Mahakama, bunge na afisi za serikali zinahitaji watu wanaoweza kupima mambo kwa Kiswahili, yaani kusema tukifanya hivi litatokea lile, tungefanya vile gharama ingekuwa hii. Watu hao hatutawapata kwa kukariri methali pekee.

Kwa hiyo ninapendekeza kwa wahariri wa jarida hili kwamba kuanzia toleo lijalo utengwe ukurasa mmoja wa mchezo uliochambuliwa zamu kwa zamu, leo Risk, kesho bao, kesho kutwa drafti au sataranji, kwa sharti kwamba kila hatua itolewe sababu na kila sababu iandikwe kwa Kiswahili. Nami sitaki kungoja. Nyekundu amemaliza kama nilivyoshauri: 13 Afrika Kaskazini, 2 Misri, moja moja Kongo, Afrika Kusini na Madagaska, karata 5 mkononi. Zamu ni ya Samawati. Maeneo yake 15 yanampa majeshi 5, Australia inampa 2. Ana karata 3, askari wawili na mzinga, ambazo bado hazijawa fungu. Fungu linalofuata ni la 12, nalo, asipolizuia, Nyekundu atalichukua kabla hajalifikia yeye. Mashariki ya Kati ana 12, Afrika Mashariki 4, Ulaya Kusini 3. Misri ni dhaifu na karata ipo hapo kwa kuinama tu. Lakini akiiteka, jeshi atakaloliingiza litakabiliana uso kwa uso na wale 13, na zamu ya Nyekundu itakaporudi watakuwa zaidi. Achukue Misri? Aitakase Afrika nzima isipokuwa kaskazini, apite Kongo hadi Madagaska? Au ayarundike majeshi yote 7 Ulaya Kusini na kutafuta karata yake mbali, kwa Manjano? Majibu yasizidi ukurasa mmoja, nayo yaletwe kwa wahariri.